Kupoza ordinateri kwa maji hapa Bagira: hesabu kwanza, pesa kisha

Ordinateri ya mezani inayofanya kazi nzito, kama montaji ya video za ndoa, kurekodi muziki ao michezo mikubwa, inaweza kutoa joto la wati 300. Kwa wale waliozaliwa mbele ya taa za kisasa: ni sawa na kufunga taa tatu za zamani za wati 100 ndani ya kisanduku kimoja na kuziacha ziwake muchana kutwa. Joto hilo lisipotoka, prosesa inapunguza mwendo yenyewe ili isiungue, na video iliyopaswa kumalizika kwa saa moja inaenda saa mbili. Kama umeme unakuja usiku tu katika kartiye yako, hiyo saa ya pili hauna.

Ndiyo sababu vijana wengi wanaofungua stidio ndogo hapa Bagira, Kadutu na Ibanda wanauliza juu ya muzunguko wa maji: ile ordinateri yenye tiyo za kupitisha mwangaza, maji ya rangi, pompi na radiatere, mutu anaijenga mwenyewe kipande kwa kipande. Inavutia kweli. Lakini inakula dola mamia, na kosa moja dogo linamwagia maji juu ya karte iliyonunuliwa kwa akiba ya mwaka muzima. Basi tuangalie kwa utaratibu: inafanya kazi namna gani, inaomba hesabu gani, na nani hapa kwetu anaihitaji kabisa.

Maji hayaondoe joto, yanalibeba tu

Dereva yeyote aliyepanda mulima na gari iliyojaa anajua habari hii. Maji yanapita ndani ya motere, yanachukua joto, yanaenda kwenye radiatere, na pale mbele hewa inalichukua. Kisha yanarudi. Ordinateri ni vile vile. Kuko bloki ya shaba juu ya prosesa, pengine na ya pili juu ya karte ya grafiki. Kuko pompi, tanki ndogo, radiatere yenye ventilateri, na tiyo zinazounganisha vyote.

Faida ya maji ni kwamba yanabeba joto mingi sana kuliko hewa: kwa ukubwa ule ule, zaidi ya mara 3,000. Lakini mwisho wa safari ni hewa ya chumba chako, hakuna pengine. Kama chumba kina degre 27, maji hayawezi kushuka chini ya degre 27, hata ununue vipande vya bei gani. Mutu anayeweka muzunguko wa maji ndani ya chumba kidogo chenye dirisha limefungwa juu ya wezi, amehamisha moto kutoka kwenye kisanduku na kuuleta kwenye uso wake. Kufungua njia ya hewa, pamoja na grillage ya chuma dirishani kama wezi ndio shida, kunagharimu kidogo kuliko bloki moja ya maji, na mara nyingi kunasaidia zaidi.

Hii si teknike mupya. IBM ilikuwa inapitisha maji ndani ya ordinateri zake kubwa tangu miaka ya 1960. Mashini ya Cray-2 ya mwaka 1985 ilizamishwa nzima ndani ya maji maalum yasiyopitisha umeme. Na wale waliojaribu nyumbani kwao mwanzoni mwa miaka ya 2000, mbele viwanda vianze kuuza vipande tayari, walikuwa wanatoa radiatere ndogo ya kupasha joto ndani ya gari na kuifunga kwenye ordinateri. Tutarudi kwenye hiyo radiatere, sababu mafundi wetu wa garaji nao wana wazo lile lile.

Hewa ya hapa juu

Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Mama anayepika maharagi hapa anajua yanakawia kuiva kuliko Uvira: hewa yetu ni nyepesi, maji yanachemka karibu degre 95 tu. Wepesi ule ule unagusa ordinateri. Hewa ya hapa ina uzito wa karibu asilimia 86 ya hewa ya pwani. Ventilateri ikizunguka mwendo ule ule, inasukuma hewa nyepesi zaidi, na inabeba joto kidogo zaidi. Video nyingi mutu anazoangalia zilitengenezwa na watu wanaoishi karibu na bahari. Mahesabu yao hayajui mulima.

Kwa upande mwingine tuna bahati: hali ya hewa ya Bukavu ni baridi kidogo, wastani wake uko karibu degre 20. Usiku chumba kikiwa na degre 19, hata ventilateri ya kawaida inafanya kazi nzuri. Msomaji wa Uvira, ambako ni karibu mita 800, ao wa Kindu na Kisangani, ana hewa nzito lakini ya moto. Yeye afanye hesabu yake kwa chumba cha degre 30, si kwa chumba chetu.

Hesabu ya radiatere

Hapa ndipo mipango inaanza, na si kwenye rangi ya maji. Chukua vipande viwili vinavyotoa joto na ujumlishe wati zao wakati wa kazi nzito. Mufano: prosesa ya Ryzen 7 5800X inaweza kufika wati 142. Karte ya grafiki RTX 3060 ni wati 170. Jumla: 312.

Kanuni ambayo wajenzi wengi wanatumia ni kwamba sehemu moja ya radiatere, yaani nafasi ya ventilateri moja ya milimetri 120, inaondoa karibu wati 100 bila makelele. Ni kanuni ya makadirio, unene wa radiatere na mwendo wa ventilateri vinaibadilisha, lakini ni mwanzo muzuri. Hapa Bukavu punguza: wati 100 ziwe 86. Gawanya 312 kwa 86, unapata 3.6. Kwa hiyo unahitaji sehemu nne: radiatere mbili za ventilateri mbili-mbili, ao moja ya tatu na moja ya moja.

Sasa chukua metri ya fundi na upime kisanduku chako. Radiatere ya ventilateri tatu ina urefu wa karibu sentimetri 40, kwa sababu ncha zake mbili zinapita ventilateri. Unene wa radiatere ni milimetri 30 hivi, ongeza 25 za ventilateri, ni milimetri 55, na juu ya karte-mere pengine hakuna nafasi hiyo. Visanduku vingi vinavyofika hapa vikiwa vimetumiwa na biro za Ulaya haviwezi kabisa. Chora kwenye karatasi mbele ya kununua, na uandike hata pahali pa mukono wako kupita wakati wa kukaza.

Kwa pompi, watu wanahangaika bure. Tuchukue pompi inayozungusha litri 4 kwa dakika. Ili kupandisha litri moja ya maji degre moja, inaomba karibu juli 4,186. Ukifanya hesabu, litri 4 kwa dakika zinabeba wati 279 kwa kila degre moja. Maana yake: zile wati 312 zote zinapandisha maji degre moja na kidogo tu tangu yanaingia mpaka yanatoka. Kwa hiyo ule ubishi wa kwamba radiatere lazima iwe kati ya prosesa na karte ya grafiki hauna uzito. Panga vipande kwa namna tiyo zinakuwa fupi na hazikunjike. Jambo moja tu halibadilike: tanki iwe mbele ya pompi na juu yake, ili pompi isizunguke kavu hata dakika. Pompi hizi zinapakwa mafuta na maji yenyewe. Zikikosa maji zinajiharibu.

Fundi wa garaji na radiatere ya Toyota

Tuseme wazi: mafundi wetu wana akili ya mikono, na wazo la kuchukua radiatere ya gari si la kucheka. Radiatere ya gari inaondoa joto mara nyingi kuliko ile ya ordinateri. Shida ni chuma chenyewe. Bloki za ordinateri ni za shaba, pengine zimepakwa nikeli. Radiatere za zamani za gari zilikuwa za shaba. Nyingi za leo ni za aliminiumu na pembeni plastiki. Ukiunganisha shaba na aliminiumu ndani ya maji yale yale, umetengeneza batiri bila kutaka: aliminiumu inalika polepole, unga wake unaingia ndani ya maji, na siku moja radiatere inatoboka.

Huo unga unaenda wapi? Ndani ya bloki. Mifereji ya bloki ni myembamba, chini ya milimetri moja, mara nyingi nusu yake. Sisi wa Bukavu hatuhitaji kuelezwa sana maana ya kuziba: tumeona mara ngapi chupa za plastiki kutoka ziwani zikisongamana kwenye barrage ya Ruzizi I na muji ukabaki giza. Ndani ya bloki ni vile vile, tofauti ni kwamba hakuna mutu wa kuingia na mutumbwi kuondoa taka.

Ukipata radiatere ya shaba ya zamani, ikwangue kidogo mahali pasipoonekana. Rangi nyekundu ao ya njano ni shaba. Nyeupe ya kufifia ni aliminiumu. Ioshe ndani mara nyingi mpaka maji yatoke safi kabisa, sababu ndani yake kuko kutu ya miaka kumi. Na ujue itakaa inje ya kisanduku.

Maji gani?

Maji ya Kivu hapana. Ziwa letu lina chumvi nyingi zilizoyeyuka, na juu yake pH inakaribia 9. Maji yake yanapitisha umeme vizuri na yataacha chokaa kila mahali. Maji ya Regideso hapana, yana madini na pengine klore. Maji ya mvua yanayotoka kwenye mabati yanaonekana safi, lakini yamebeba vumbi ya paa na moshi ya makala.

Yanayofaa ni maji ya distile, yale wenye batiri za sola wanaongeza ndani ya batiri zao. Lakini hapa angalisho, na ni angalisho kubwa. Chini ya jina moja la "maji ya betri" watu wanauza vitu viwili: maji ya distile ya kuongeza, na asidi ya kujaza batiri mupya. Chupa zinaweza kufanana. Asidi itakula shaba na ngozi yako. Soma kibandiko, na kama chupa haina kibandiko iache dukani.

Ndani ya maji hayo unaongeza dawa inayozuia kutu na ule utelezi wa kijani unaoonekana ndani ya bidoni iliyokaa juani. Dawa hizo zinauzwa kwa ajili ya ordinateri. Wengine wanachukua antijeli ya gari. Inaweza kufanya kazi, lakini nyingi ni za etileni-glikoli, ambayo ni sumu na ina ladha ya sukari. Katika nyumba zetu ambako watoto wanapita kila mahali, chupa ile inaweza kuua. Kama hauna kabati la kufunga na funguo, usiilete.

Na yule anayekuambia kwamba maji ya distile hayapitishe umeme, hivi hata yakimwagika hakuna neno, amesema ukweli wa siku ya kwanza. Yakizunguka juma chache ndani ya chuma, yanaokota madini, na yanapitisha.

Kukaza, na kujaribu kwa umeme wa kukatika-katika

Rakori za ordinateri zina uzi unaoitwa G1/4. Zinazuia maji kwa pete ndogo ya mpira, si kwa nguvu ya kukaza. Fundi wa maji wa nyumba amezoea teflon na kle kubwa. Hapa teflon haihitajike, na kle itapasua tanki ya plastiki. Kaza na vidole mpaka pete ikae vizuri, ongeza kidogo, basi. Nunua pete na rakori za akiba tangu mwanzo, mbili ao tatu za kila namna. Kipande cha nusu dola kikikosekana, utakingojea mpaka kifike kutoka Kigali, Kampala ao Dubai, kipite mupaka wa Ruzizi na duane, na muda huo ordinateri iko mezani imefunguliwa.

Vitabu vya maelezo vinasema: jaza maji, washa pompi peke yake, acha izunguke saa 24 ukiwa umetandika karatasi nyeupe chini ya kila rakori. Pompi peke yake maana yake karte-mere na karte ya grafiki hazina umeme kabisa. Alimantasio inawashwa na kipande kidogo cha kuunganisha kinachouzwa kwa kazi hiyo. Utaratibu ni muzuri. Lakini kwetu, nani ana saa 24 za umeme mufululizo?

Njia inayofaa zaidi hapa ni hewa. Mbele ya kutia tone moja la maji, funga pompi ya kinga yenye saa ya kupimia kwenye mulango mumoja wa muzunguko, ziba mingine, na pandisha mpaka karibu nusu bari, usipite hapo. Acha nusu saa. Mushale ukishuka, kuko mahali panavuja: paka maji ya sabuni kwenye rakori moja-moja, hapo ambapo panatoa povu ndipo penyewe, kisha pangusa na uache pakauke vizuri. Hauhitaji umeme hata kidogo, na kama kuna kosa, kilichotoka ni hewa. Kisha ndipo ujaze maji na ufanye jaribio la pompi, hata kwa vipande vya saa tatu-tatu vile SNEL itakavyokuruhusu.

Umeme ukienda?

Ndilo swali la kwanza la kila mutu, na jibu linatuliza: umeme ukikatika, pompi na prosesa vinazimika pamoja. Hakuna kinachotoa joto tena, maji yanapoa yenyewe. Hatari ni kinyume chake, pompi kufa wakati ordinateri inaendelea. Kwa hiyo pompi ichukue umeme kwenye alimantasio ile ile ya ordinateri, siyo kwenye chaja ya pembeni, na waya wake mudogo wa kupima mwendo uende kwenye karte-mere pahali palipoandikwa CPU_FAN. Ndani ya mipangilio ya BIOS unaiambia mashini izimike kama mwendo huo umefika sifuri. Hata ukisahau, prosesa za leo zinapunguza mwendo joto likikaribia degre 100, na zinajizima zenyewe likizidi kupanda, lakini tiyo na pompi nyingi hazipendi maji ya kupita degre 60.

Kwa mwenye sola ao onduleri, hesabu ingine. Pompi ya namna ya D5 ikienda mwendo wote inakula mpaka wati 23. Kwa saa nane ni 184 wati-saa. Batiri ya 12 volti na amperi-saa 100 ina 1,200, na kwa batiri ya risasi hautumie zaidi ya nusu kama unataka idumu: 600. Pompi peke yake imekula karibu sehemu moja ya tatu, na haijapiga hata picha moja ya video. Punguza mwendo wake nusu. Kwa hesabu ya joto tuliyoiona, haitapoteza kitu kikubwa.

Na kama umeme wa kwako unapanda na kushuka mpaka taa zinacheza, stabilizateri inunuliwe mbele ya kitu kingine chochote. Hii si shauri la pembeni.

Basi, nani aijenge?

Kwa maoni yetu, mwenye prosesa moja ya wati 65 mpaka 140 na karte ya grafiki ya kawaida aachane na maji. Poza ya hewa ya minara miwili yenye tiyo za shaba inapatikana kwa dola 35 ao 40 huko inakouzwa, haivuje, na ikiharibika ni ventilateri tu, ambayo fundi yeyote anabadilisha. Hata watu wenye umeme mingi kwenye jimbo jirani walichagua hivyo: kule Luviro, Territwari ya Lubero, mashini za bitkoini ambazo Pori la Virunga lilianza kutumia mwaka 2020 kwa umeme wa maji ya mto ziliwekwa ndani ya makontena na kupozwa na hewa ya ventilateri.

Maji yanaanza kuwa na maana pale ambapo karte ya grafiki peke yake inapita wati 300, kazi ni ya saa nyingi kila siku, na makelele ni adui, kama stidio ya sauti ambamo mikro inasikia kila ventilateri. Huyo, na kama tayari ana stabilizateri na nakala ya kazi zake kwenye diski ingine, anaweza kuanza kuchora.

Aweke pia robine ndogo ya kumwagia mahali pa chini kabisa pa muzunguko. Wengi wanaisahau, na siku ya kubadilisha maji, ambayo ni mara moja kwa mwaka ao mapema kama rangi imechafuka, wanalazimika kupindua ordinateri nzima juu ya beseni. Kati ya mwezi wa sita na wa nane, wakati vumbi ya barabara inaingia kila mahali, radiatere isafishwe na burashi laini kila mwezi, upande hewa inapoingilia. Na yale maji ya zamani yenye dawa yasimwagwe kwenye mufereji wa barabara: mifereji ya hapa inateremka mpaka ziwani. Yawekwe ndani ya bidoni iliyoandikwa, mbali na watoto, na yapelekwe kwa garaji inayokusanya mafuta ya gari yaliyotumika.